Tairi la saizi tofauti: Pima kabla ya kununua

Na MWANDISHI WETU

MWENYE gari anapofika katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na kukosa tairi la saizi aliyoizoea, aghalabu huambiwa kwamba jingine lililopo "litaingia tu".

Kuingia si hoja. Karibu kila tairi la inchi 15 litaingia kwenye rimu ya inchi 15. La muhimu ni iwapo tairi hilo litazunguka bila kukwaruza, litabeba uzito wa gari, na litakuwezesha kujua unakwenda kwa kasi gani.

Chukua mfano wa 195/65 R15, saizi inayotumiwa na magari mengi madogo nchini. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili huonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 126.75. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu: inchi 15, sawa na milimita 381.

Ukijumlisha mbavu mbili, ya juu na ya chini, pamoja na rimu, utapata kipenyo cha milimita 634.5. Hesabu hii yaweza kufanywa dukani kwa simu ya mkononi, nayo haichukui hata dakika mbili.

Sasa tazama saizi jirani. Tairi la 205/60 R15 lina kipenyo cha milimita 627, upungufu wa asilimia 1.2. La 205/65 R15 hufika milimita 647.5, ongezeko la asilimia 2. Nalo la 195/70 R15 ni milimita 654, ongezeko la asilimia 3.

Mafundi wengi huchukulia asilimia 3 kuwa ndio mpaka. Binafsi ningesita kuufikia. Hata hivyo, tofauti ya asilimia moja au mbili si ya kutisha, kwani tairi jipya lenye kina cha milimita 8 likilika hadi kubaki milimita 2, kipenyo chake hupungua kwa milimita 12. Kwa saizi tuliyoitaja, hiyo ni karibu asilimia 2.

Wapo wanaonunua matairi makubwa kimakusudi ili gari lao lisigonge matuta. Hapa ndipo wengi hupotea. Gari huinuka kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Atakayetoka 195/65 na kwenda 195/70 atainua gari lake kwa milimita 9.75. Hata sentimita moja haitimii! Tuta lililokuwa likikwaruza tumbo la gari halitahisi tofauti kubwa.

Gharama yake ni hii: spidomita huhesabu mizunguko ya gurudumu, haijui kwamba tairi limebadilishwa. Ikisoma kilomita 100 kwa saa, gari lenye tairi lililozidi kwa asilimia 3 litakuwa likienda kilomita 3 zaidi ya lilivyokuwa likienda awali kwa usomaji huo huo. Spidomita nyingi hutengenezwa zikisoma juu kidogo ya kasi halisi, kwa hivyo tairi kubwa hula akiba hiyo ya usalama.

Kwa matatu, ambazo vidhibiti mwendo vyake vimewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa tangu kanuni za enzi ya Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa 2004, jambo hili si dogo. Kidhibiti kinachosoma mizunguko ya gurudumu kitaridhika na 80 ilhali gari linapita 82.

Aidha, tairi kubwa hulemea injini mlimani na kudai nguvu zaidi ya breki kwenye mteremko.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni uzito. Baada ya saizi, ubavuni huandikwa nambari na herufi, kwa mfano 91H. Nambari 91 humaanisha kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 615, na 88 ni kilo 560. Herufi ni kikomo cha kasi: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210. Tairi laweza kuwa pana zaidi na bado likawa na uwezo mdogo wa kubeba. Usikubali nambari iliyo chini ya ile ya kiwandani, hasa ikiwa gari lako hubeba mizigo au abiria watano kila siku.

Upana nao una mipaka yake. Tairi la 195/65 R15 hukaa vyema kwenye rimu ya upana wa inchi 5.5 hadi 7. Ukiivika rimu nyembamba tairi la 225, mbavu zitavimba na gari litayumba kwenye kona.

Wenye magari ambayo magurudumu yote manne huvutwa na injini wasichanganye saizi kabisa. Vipenyo vikitofautiana kati ya mbele na nyuma, gia za katikati hulazimika kufanya kazi bila kukoma, hupata joto na kuharibika.

Saizi ya kiwandani imeandikwa kwenye kibandiko kilicho aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Katika magari kutoka Japani maelezo huwa kwa Kijapani, lakini tarakimu zasomeka. Upepo umeandikwa kwa kPa: 220 ni takriban pauni 32.

Kabla hujalipa, mwombe fundi afunge tairi moja la mbele, kisha uzungushe usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu ndani. Sikiliza kwenye madigadi na utazame karibu na springi. Likigusa popote, rudisha.