Mahitaji ya Abiria na Mpango wa Njia za Mabasi: Hoja ya Kariakoo

Aghalabu wanaohukumu usafiri wa Dar es Salaam huyapima mahitaji ya abiria kwa idadi ya watu waliomo garini. Nasi twaona kwamba kipimo hicho, ijapokuwa ni chepesi, kina dosari katika asili yake, kwa kuwa hakimhesabu aliyeachwa kituoni wala aliyekata shauri la kwenda kwa miguu. Rai yetu ni kwamba mahitaji hayo hudhihirika zaidi pale abiria angojeapo na abadilipo gari, na kwamba mpango wa njia usiodhamini maungano ni nusu ya mpango.

Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliposhika mabasi ya mjini mwaka 1974, lilibeba dhamana ya njia zenye faida na zisizo na faida pamoja. Lakini uhaba wa mabasi na vipuri ulilidhoofisha, hata mwaka 1983 Serikali ikayaruhusu magari ya watu binafsi. Magari hayo, yaitwayo daladala, yalileta faraja kubwa, ila dereva wa daladala, maadamu hana budi kumpelekea tajiri hesabu ya kila siku, maslahi yake ni kujaza gari kwanza na kuondoka baadaye, na kukatisha ruti pindi abiria wapunguapo, ilhali ubavuni mwa gari imeandikwa njia nzima aliyopewa leseni.

Ithibati ya wazi zaidi huonekana kwenye soko la Kariakoo saa za jioni. Abiria wa kurudi nyumbani, akijua kwamba gari litafika sokoni limekwisha kujaa, hulipanda mapema likielekea kinyume na aendako, akageuza nalo akiwa ameketi, na kulipa nauli mbili. Katika hesabu ya konda yeye ni watu wawili, na mmoja wao ameelekea mahali asipokuwa na shughuli yoyote. Hivyo basi anayepanga njia kwa hesabu hiyo ataongeza pasipohitajika na kupunguza penye dhiki.

Mfumo wa mabasi ya Mwendokasi ulioanza Mei 2016, wenye njia za takriban kilomita 21 kwa jumla, yaani njia kuu kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ulisahihisha mengi, kwani tawi la Gerezani, lipitalo Mtaa wa Msimbazi, liliikiri Kariakoo kuwa mwisho wa safari kwa haki yake, si kipito cha kwendea Posta, katikati ya mji. Walakini wepesi wa njia kuu hupotea iwapo mabasi ya mlisho, yaletayo abiria kwenye njia hiyo, ni haba, au mafuriko ya Jangwani yakiifunga barabara pasiwepo njia mbadala. Na mchuuzi wa alfajiri mwenye tenga la nyanya hasafiri kwa saa wala kwa mzigo wa karani wa ofisini, hivyo ratiba ya mmoja haimtoshi mwenzake.

Yamkini tutajibiwa kwamba maungano yahitaji mabasi mengi na fedha nyingi. Twajibu kwamba yahitaji kwanza insafu katika malipo: tiketi moja ikubaliwe katika gari la pili, na mwenye gari alipwe kwa safari alizozitimiza, si kwa vichwa alivyovijaza. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyorithi kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2019, inapotoa leseni ya njia, na iwahesabu wanaongoja na wanaogeuza, kwa kuwa hao ndio mpango uliowasahau.