Kutoka Kadi ya Kitabu hadi Faili la Sauti: Historia ya Ukatalogi wa Nyenzo za Kusikika, Kuonekana na za Kidijitali

Utangulizi

Kanuni za kisasa za ukatalogi zilijengwa juu ya kitabu. Kitabu kina ukurasa wa jina, na ukurasa huo humpa mkutubi karibu kila anachohitaji: jina la kazi, mwandishi, mchapishaji, mahali na mwaka. Santuri, filamu na faili la kompyuta havina ukurasa wa namna hiyo. Insha hii inajadili jinsi kanuni za kimataifa, tangu mwaka 1961 hadi 2013, zilivyojaribu kuziba pengo hilo. Hoja yake kuu ni kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya kiufundi pekee, kwani kila kanuni iliamua pia ni nani atakayekumbukwa kwa jina lake na ni nani atakayefifia. Kipimo cha hoja hiyo ni santuri za taarabu ambazo Siti binti Saad na kundi lake walianza kurekodi mjini Bombay mwaka 1928. Katika nyimbo hizo, shairi lina mtunzi wake, sauti ni ya mwimbaji, na muziki ni wa wapigaji wa ala. Santuri kama hiyo iorodheshwe kwa jina la nani?

Filamu iliyohifadhiwa kama picha

Ugumu wa kuipa nyenzo mpya jina lake ulianza mapema. Sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuitambua filamu kama aina ya kazi hadi mwaka 1912. Kabla ya hapo, watengenezaji waliotaka kulinda kazi zao walizichapa picha za filamu juu ya karatasi na kuziwasilisha katika Maktaba ya Bunge la Marekani zikiwa picha za kawaida. Sheria ilipobadilika, Maktaba hiyo ilikwepa kutunza filamu zenyewe, kwa kuwa mkanda wa nitrati hushika moto kwa urahisi, na nyingi zilirudishwa kwa wenyewe. Matokeo yake yanashangaza: filamu nyingi za miaka ya mwanzo zimesalia kwa sababu ya karatasi zile, ilhali nyingi zilizofuata zimepotea. Aina ambayo nyenzo ilisajiliwa iliamua pia kama ingedumu.

Kanuni zilizomtazama mwandishi

Mwaka 1961 wataalamu walikutana Paris na kukubaliana juu ya misingi ya ukatalogi. Misingi hiyo ilitungwa kwa ajili ya katalogi za vitabu vilivyochapwa. Kanuni za Ukatalogi za Uingereza na Marekani zilizofuata mwaka 1967, zijulikanazo kwa kifupi kama AACR, zilitenga sehemu ya tatu kwa nyenzo zisizo vitabu, lakini mantiki yake ilibaki ya kitabu. Rekodi ya sauti iliingizwa chini ya jina lilelile ambalo lingetumika kwa kazi hiyo ikiwa imechapwa. Mwimbaji alipata kiingilio cha ziada.

Kwa muziki ulioandikwa kwa nota, utaratibu huo ulieleweka. Kwa taarabu ulileta utata. Pale mtunzi wa shairi asipojulikana, kadi iliangukia kwenye jina la wimbo, na sauti iliyomfanya msikilizaji aitafute santuri ilisukumwa pembeni. Mtafiti aliyeingia maktabani akiulizia nyimbo za Siti alitegemea mkutubi awe amejaza kiingilio kile cha ziada.

Mabadiliko ya mwaka 1978

Mwaka 1977 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa kiwango cha maelezo kwa ajili ya nyenzo zisizo vitabu. Mwaka uliofuata likatoka toleo la pili la kanuni, AACR2, likiwa na sura moja ya misingi ya jumla na sura mahususi za rekodi za sauti, filamu na video, na mafaili ya kompyuta. Jambo lenye uzito zaidi kwa mjadala huu ni kwamba santuri yenye kazi za watunzi mbalimbali na yenye jina la jumla sasa iliweza kuingizwa chini ya mtendaji mkuu. Mwimbaji alikuwa amefika kwenye kiingilio kikuu, ingawa wimbo mmoja peke yake uliendelea kufuata mtunzi wake.

Hata hivyo, toleo hilo lilimwagiza mkutubi aanze na umbo la kitu alichokishika mkononi, wala si umbo la asili. Agizo hilo lilikuja kuleta shida nyenzo za zamani zilipoanza kunakiliwa katika maumbo mapya. Santuri ya 1928 iliyogeuzwa faili hueleza faili kwanza, na historia yake huhamia kwenye maelezo ya ziada. Chombo kilitangulia kazi.

Nyenzo isiyoshikika mkononi

Intaneti iliifanya shida hiyo isifichike tena. Mwaka 1995 mkutano uliofanyika Dublin, Ohio, ulizaa Dublin Core, seti ya metadata ambayo hatimaye ilitulia kwenye vipengele 15, vyote vya hiari. Wepesi wake uliwavutia wengi, lakini hiari hiyo iliruhusu rekodi pungufu. Mwaka 1998 IFLA ilitoa mfano wa FRBR, unaotenganisha kazi, usemi wake, toleo na nakala. Sasa shairi, uimbaji wa siku fulani, santuri na faili vingeweza kuelezwa kila kimoja mahali pake na kuunganishwa.

Juu ya mfano huo zilijengwa kanuni za RDA, zilizotolewa mwaka 2010 na kuanza kutumika rasmi katika Maktaba ya Bunge la Marekani tarehe 31 Machi 2013. RDA hueleza aina ya maudhui, aina ya kifaa na aina ya chombo kila moja peke yake, na huruhusu kutaja uhusiano wa kila mhusika na kazi: mwimbaji, mpiga ala, mtunzi wa maneno.

Hitimisho

Historia hii inaonesha safari ndefu ya kutenganisha mambo ambayo kitabu kiliyafunga pamoja. Hata hivyo, RDA ilipotolewa ilimlazimu mkutubi kumtaja muundaji mkuu wa kazi pekee. Kuwataja watendaji kumeachwa kwenye uamuzi wa kila maktaba. Kwa sanaa ambazo uzito wake uko katika sauti na utendaji, zikiwamo taarabu na fasihi simulizi, hiari hiyo si jambo dogo. Maktaba za Afrika Mashariki zinazogeuza kanda na santuri kuwa mafaili zinahitaji kuweka sera yao wenyewe inayomtaka mkutubi ajaze majina ya waimbaji na wapigaji ala. Faili lisilo na majina hayo linaweza kudumu miaka mingi kwenye seva, lakini hakuna atakayelipata kwa kumtafuta aliyeimba.