Ugomvi wa ‘y’ na ‘n’: Jinsi kiini cha Linux kilivyokubali kufungwa makomeo

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 25 Agosti 2026 Linux inatimiza miaka 35. Siku kama hiyo mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland aliyekuwa na miaka 21, aliwaarifu wenzake kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa. Leo kiini cha mfumo huo kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa kasi zinaendeshwa nacho.

Sherehe za mwaka huu zitajaa picha za pengwini na hadithi za kijana wa Helsinki. Makala haya yanachagua mlango wa nyuma: orodha ya maswali.

Anayetaka kujijengea kiini cha Linux huandika amri ya “make menuconfig”, na skrini ikamletea orodha hiyo. Machaguo yake yote yanapita 10,000. Mengi hujibiwa kwa herufi moja: ‘y’ kwa ndiyo, ‘n’ kwa hapana, au ‘m’ kwa kitu kitakachopakiwa baadaye kikihitajika. Karibu na mwisho kuna sehemu ya usalama na sehemu ya kusaka hitilafu. Ni huko ndiko wengi hubonyeza haraka haraka wamalize. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyokula muda na jasho kuliko mingine mingi, na baadhi yake iligombaniwa kwa miaka.

Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu ya kompyuta, kinachoamua programu ipi ifanye kazi saa hii na ipi isubiri, na kinachozungumza na vifaa. Programu ya kawaida ikikosea, inakufa peke yake. Kiini kikikosea, mashine nzima inaganda, au mdukuzi anaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Fundi asiyetaka mashine ya kupimia

Hatari hiyo haikuanza na Linux. Novemba 1988 programu haribifu iitwayo mdudu wa Morris ilizagaa kwenye intaneti changa ya Marekani, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kumwaga data kupita ukubwa wa nafasi iliyotengwa, hadi data ikageuka amri. Mwaka 1996 jarida la wadukuzi la Phrack lilichapa maelezo ya mbinu hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1997 mtaalamu wa Urusi anayejulikana kwa jina la Solar Designer alitoa kiraka cha kuzuia amri zisitekelezwe katika eneo la kumbukumbu liitwalo rundo. Torvalds alikikataa, akisema mdukuzi atakizunguka. Hakukosea: Solar Designer mwenyewe alionyesha mwaka huo huo jinsi ya kukizunguka.

Lakini kisa kinachosimuliwa hadi leo ni cha Septemba 2000, na kilihusu kifaa cha kazi tu.

Kifaa chenyewe huitwa dibaga. Ni programu inayomwezesha fundi kukisimamisha kiini katikati ya hatua, kuchungulia kilichomo kwenye kumbukumbu, kisha kukisogeza amri moja moja mpaka kosa lionekane. Mifumo mingine ilikuwa nayo. Kampuni ya SGI ilikuwa imetengeneza moja ya Linux, kdb, na wahandisi wakaanza kuuliza kwa nini isiingizwe moja kwa moja ndani ya kiini ili kila mtu aipate.

Torvalds alijibu kwa barua pepe ndefu ya tarehe 6 Septemba 2000, ambayo bado imehifadhiwa hadharani na ndiyo nguzo ya sehemu hii ya makala. Alisema hapendi dibaga, hajawahi kuzipenda, na pengine hatazipenda kamwe. Yeye hutumia dibaga iitwayo gdb, lakini kwa kuchungulia msimbo wa mashine tu.

Hoja yake ilimhusu binadamu kuliko kompyuta. Anayejua kuwa hana dibaga, alisema, hutembea kwa tahadhari: anasoma msimbo, anaufikiria, anaelewa kabla hajagusa. Mwenye dibaga hurekebisha dalili akaacha ugonjwa. Mashine ikianguka bila kukuachia hata fununu, una njia mbili: uanze kuwa makini, au uanze kulilia dibaga. Akaongeza kwamba afadhali wasiokuwa makini wachujwe mapema kuliko baadaye. Alikiri kuwa huo ni ukatili, na hakuomba radhi. Katika barua hiyo hiyo alijiita mtu mbaya anayejivunia ubaya wake, asiyejali nani ameumia moyo wala nani amepoteza saa ngapi, alimradi mfumo uwe bora.

Kila mji una gereji yenye fundi wa namna hiyo. Gari linaletwa, yeye anainamisha kichwa juu ya injini, anasikiliza, anataja kifaa kilichokufa. Ukimwambia kuna mashine ya kupimia inayochomekwa chini ya usukani, anacheka. Na mara nyingi anapatia. Tatizo ni kwamba gereji inapopokea magari 100 kwa siku, sikio la mtu mmoja halitoshi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Linux. Wanaolipwa kurekebisha viini vya wateja hawakuwa na muda wa kufunzwa subira na mtu aliye mbali. Wakaendelea kutumia dibaga nje ya nyumba rasmi, kama viraka vya kubandika kila toleo jipya linapotoka. Hata Andrew Morton, aliyekuwa mkono wa kulia wa Torvalds, aliibeba ndugu yake kdb, iitwayo kgdb, katika toleo lake la majaribio. Mwenye nyumba amekataa, na msaidizi wake anaifuga uani.

Mkataa huyo alilegea baada ya karibu miaka minane. Julai 2008 toleo la 2.6.26 lilitoka likiwa na kgdb iliyopunguzwa uzito, na mwaka 2010 kdb nayo ikafuata katika toleo la 2.6.35. Vita vyote vile vikaishia kuwa mistari michache ya orodha: y au n.

Sumu yenye alama ya 6b

Wakati wakubwa wakigombania dibaga, mafundi wengine walipitia njia ambayo Torvalds hakuwa na ugomvi nayo: kukifanya kiini kijichunguze chenyewe. Mwaka 2006 Ingo Molnar alileta lockdep, inayofuatilia mpangilio wa kufuli za ndani na kupiga kelele pale sehemu mbili zinapoelekea kusubiriana milele. Mwaka 2009 ikaja kmemleak ya Catalin Marinas, inayotafuta kumbukumbu iliyoazimwa isirudishwe.

Chaguo jingine hupaka sumu kumbukumbu iliyokwisha kutumika, kwa kuijaza namba 6b. Kiini kikianguka na ripoti ikaonyesha 6b6b6b6b, fundi hahitaji kuuliza: kuna aliyerudi kula kwenye sahani iliyokwisha kuondolewa mezani.

Mwaka 2015, katika toleo la 4.0, ikaingia KASAN, kazi iliyoongozwa na Andrey Ryabinin. Hii hutenga baiti moja ya uangalizi kwa kila baiti nane za kumbukumbu, na kila kiini kinaposoma au kuandika, yenyewe inaangalia kwanza kama ni halali. Gharama yake ni kubwa: sehemu ya nane ya kumbukumbu inakwenda kwa mlinzi, na kazi zinapungua kasi waziwazi. Kwa hiyo huwashwa maabara, ikazimwa bidhaa inapokwenda kwa mteja. Hapo ndipo orodha ya maswali inapokuwa mizani halisi, maana kila ‘y’ ina bei, na kila ‘n’ ina deni.

Komeo lililowekwa kwenye sanduku la zana

Upande wa kulinda kumbukumbu, kanuni ni ile ile ya ofisi yoyote ya fedha inayojiheshimu: anayeandika hati ya malipo asiwe ndiye anayeiidhinisha. Eneo la kumbukumbu linaloandikika lisitekelezeke, na linalotekelezeka lisiandikike. Mdukuzi anaweza kupenyeza maneno yake, lakini hayatageuka amri.

Kundi la PaX lilifanya hivyo kwenye Linux kuanzia mwaka 2000, hata kabla vichakataji vya kawaida havijawa na uwezo huo, na mwaka 2001 likaongeza mbinu ya kubadilisha ovyo anwani za kumbukumbu ili mdukuzi asijue vitu vilipo. Brad Spengler akaibeba kazi hiyo ndani ya grsecurity. Yote hayo yalibaki nje ya kiini rasmi, yakiingia vipande vipande na kwa kuchelewa.

Ushahidi wa uzito ambao jambo hili lilipewa uko kwenye jina moja. Mwaka 2006 liliingia chaguo la kuzuia data zisizopaswa kubadilika zisiandikwe upya. Liliitwa CONFIG_DEBUG_RODATA, yaani komeo la mlango liliwekwa kwenye sanduku la zana za fundi, pamoja na vya kusakia hitilafu. Miaka 10 ilipita hadi mwaka 2016, katika toleo la 4.6, lilipofanywa la lazima kwa kompyuta za x86. Mwaka 2017, katika toleo la 4.11, hatimaye likabadilishwa jina kuwa CONFIG_STRICT_KERNEL_RWX. Komeo likatambuliwa kuwa komeo.

Kati ya tarehe hizo kulikuwa na Novemba 2015. Gazeti la Washington Post lilichapa makala ndefu iliyomhoji Torvalds kuhusu usalama wa Linux, na mwezi huo huo Kees Cook wa Google akatangaza mradi wa kukifanya kiini kijilinde chenyewe. Hoja ya Cook ilikuwa kwamba hitilafu za usalama hukaa ndani ya kiini miaka kadhaa kabla ya kugunduliwa, hivyo kuziba moja moja hakutoshi. Jengo lenyewe liwe gumu kuvunjwa. Mwaka uliofuata Dirty COW ilimpa haki: hitilafu iliyoingia mwaka 2007 ilizibwa Oktoba 2016, baada ya miaka tisa.

Novemba 2017 Cook alipeleka kiraka cha kudhibiti data inayonakiliwa kati ya kiini na programu. Torvalds akalipuka, kwa matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Alichokataa ni tabia ya ulinzi mpya kuua kazi ya mtumiaji mara tu unaposhuku jambo. Anzeni kwa kuripoti, alisema, watu warekebishe makosa, kisha baadaye ndipo mkaze kamba. Kwake, matatizo ya usalama ni hitilafu tu, na ulinzi una maana unapozifichua.

Hebu msomaji apime. Mtu aliyekataa dibaga mwaka 2000 eti inalea uzembe, ndiye aliyedai mwaka 2017 kwamba kila mlinzi aanze kazi kama dibaga. Cook hakujibu tusi kwa tusi. Alirudi na kiraka chenye chaguo la kuonya bila kuua, kikapokelewa katika toleo la 4.16 mwaka 2018. Septemba ya mwaka huo Torvalds aliomba radhi hadharani kwa lugha yake ya miaka mingi, akachukua likizo fupi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, alikuwa sahihi kuhusu utaratibu na alikosea kuhusu muda: miongo miwili ni kipindi kirefu mno cha kulala na mlango uliorudishwa tu.

Yaliyofuata yamekuwa tulivu zaidi. Hitilafu ya vichakataji iitwayo Meltdown, ya Januari 2018, ililazimisha kumbukumbu ya kiini itenganishwe na ya programu. Mwaka 2021 iliingia KFENCE, mlinzi mwepesi anayeweza kuachwa macho hata kwenye mashine za kazini. Desemba 2022 lugha ya Rust, inayozuia makosa mengi ya kumbukumbu tangu msimbo unapoandikwa, ilikaribishwa katika toleo la 6.1.

Na sisi je?

Hadithi hii si ya Helsinki peke yake. Agosti 2017 Google ilipotoa Android 8.0, baadhi ya makomeo ya Cook yalifanywa sharti kwa simu mpya zinazotoka nayo. Simu iliyotoka kiwandani kabla ya hapo haikubanwa na sharti hilo, na simu kuukuu huku kwetu haitupwi: inahama kutoka mkono hadi mkono, ikibeba fedha za mwenye nayo.

Tuliwahi pia kuwa na mguu ndani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Ni wanafunzi wangapi wa kompyuta leo wanalijua jina hilo? Tulianza kutafsiri menyu, tukaishia hapo. Ndani ya kiini hatukuingia. Tunafundisha vijana kusakinisha Linux, si kuisanidi, na mashine zinajengwa kwa usanidi ulionakiliwa kwa jirani bila kusomwa.

Kuanza hakuhitaji bajeti. Kwenye kompyuta nyingi za Linux, usanidi wa kiini uko wazi katika folda ya boot, faili linaloanza na neno “config”. Mwalimu alifungue mbele ya darasa, atafute neno HARDENED, kisha STRICT, kisha DEBUG. Mstari unaoishia na ‘y’ umewashwa. Unaoanza na alama ya # na kuishia na “is not set” umezimwa, na kila darasa liulize ni nani aliyeuzima, na kwa nini.