Kompyuta za Kiganjani Kabla ya Simu, na Mahali pa Kiswahili



Vijana wetu wengi huamini kompyuta ya mfukoni ilianza na iPhone mwaka 2007. Sivyo. Historia hii ni ndefu zaidi, na ndani yake limo jambo linalotuhusu sisi wenye Kiswahili.

Mwaka 1984 kampuni ya Psion ya Uingereza, iliyoanzishwa na David Potter, ilitoa Organiser, kifaa cha vibonye cha kuwekea anwani na kumbukumbu. Mtu alibonyeza herufi moja moja, basi Kiswahili kiliingia bila taabu.

Januari 1992 John Sculley, mkuu wa Apple, akaleta jina la PDA, yaani msaidizi binafsi wa kidijitali. Newton ya Apple ikatoka Agosti 1993. Ahadi ilikuwa kubwa: andika kwa mwandiko wako, mashine itasoma. Lakini ilisomaje? Ilitegemea sana orodha ya maneno iliyomo ndani yake. Hata waandikao Kiingereza ilikuwa ikiwasoma vibaya, mpaka wachora katuni wakaifanyia mzaha. Sasa mtu aandike "nitakupigia" au "hatukuwaandikia"! Kitenzi chetu kimoja huzaa maumbo mengi mno kwa viambishi. Orodha gani ingeyatosha?

Njia nyingine aliipata Jeff Hawkins wa Palm. Kwanza alitembea na kipande cha ubao mfukoni, akijifanya anakiandikia, apate kujua ukubwa unaofaa. Pilot ikatoka mwaka 1996, ya bei ya chini ikiuzwa dola 299. Hati yake, Graffiti, ilimtaka mtu ajifunze herufi zilizorahisishwa, karibu zote za mkokoto mmoja wa kalamu. Wapo wanaosema hapo binadamu aliinama kuifuata mashine. Mimi nasema tuliokuwa nje ya orodha tulifaidika: mashine ilisoma herufi, haikukuuliza lugha yako. "Nitakupigia" liliandikika sawasawa na neno lolote la Kiingereza.

Apple waliiacha Newton Februari 1998. Lakini tabia ya kukisia maneno imerudi kwenye simu, na kila anayeandika Kiswahili ameshaona neno lake likigeuzwa kuwa la Kiingereza. Kwa hiyo suala si kalamu wala kioo, ni nani aliyeandaa maneno. Wanaisimu wetu wakiwapa mafundi kanuni za viambishi, si kamusi tupu, mashine itatusoma. Tukinyamaza, itaendelea kutukisia.

Mwenye la kuongeza au kupinga, karibu.