Msimamizi Naye Asimamiwe na Nani? Historia Fupi ya Pointi za Heshima Mtandaoni

Kila aliyewahi kuwa admini wa kundi la watu mia mbili anaijua kazi hii. Asubuhi unafuta tangazo la mkopo wa haraka, mchana unaamua ugomvi, jioni unaambiwa unapendelea upande fulani. Ukikaza, unaitwa dikteta. Ukilegeza, kundi linageuka gulio la kelele na watu wa maana wanaondoka kimya kimya. Sasa piga picha watu hao si mia mbili, ni laki kadhaa, na hakuna anayemjua mwenzake hata kwa sura.

Tatizo hili lina zaidi ya miaka ishirini na tano mtandaoni, na limeshafanyiwa majaribio makubwa. Jaribio lililowafundisha watafiti mambo mengi zaidi lilifanyika katika tovuti ya Kimarekani iitwayo Slashdot. Wenyewe hawakuwa wanafanya sayansi. Walikuwa wanajinusuru tu. Lakini walijaribu jibu moja baada ya jingine mbele ya macho ya watu, na seva zao zikaweka kumbukumbu ya kila kitu.

Kutoka mtu mmoja hadi mia nne

Rob Malda aliianzisha Slashdot mwaka 1997, akiwa mwanafunzi wa Hope College katika mji wa Holland, jimbo la Michigan. Yeye na rafiki yake Jeff Bates walikuwa wanaweka habari za teknolojia, hasa programu huria na Linux, na chini ya kila habari wasomaji waliruhusiwa kuandika maoni. Mwanzoni maoni yalikuwa machache, Malda akayasoma yote na kufuta ya hovyo mwenyewe.

Haikuchukua muda akazidiwa. Akachagua wasaidizi wapatao 25, watu anaowaamini, wayape maoni mazuri alama za juu na ya hovyo alama za chini. Na hao nao wakazidiwa. Akaongeza wakafika kama 400, safari hii akiwachukua kutoka kwa watu ambao maoni yao yenyewe yalikuwa yamepata alama nzuri huko nyuma.

Hapa ndipo wazo kubwa lilipojitokeza. Malda alikuwa hawajui tena wasaidizi wake. Alichokuwa nacho ni rekodi yao tu. Rekodi ikachukua nafasi ya kufahamiana.

Sisi wa huku tunalielewa jambo hili vizuri kwa njia ya zamani. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepewa mali kauli, yaani achukue mzigo leo na kulipa akishauza, hapewi kwa sababu ya karatasi. Anapewa kwa sababu muuzaji wa jumla anajua duka lake lilipo, anajua ndugu zake, na amesikia kwa wengine kwamba huyu halali na deni. Jina lake ndiyo dhamana yake. Mtandaoni hakuna duka wala ndugu, kwa hiyo jina inabidi ligeuzwe kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukihesabu.

Madaraka ya siku tatu

Hao 400 walileta tatizo jingine. Baadhi yao walianza kuyatumia madaraka vibaya, na ikabidi wanyang'anywe. Na tovuti bado ilikuwa inakua. Mwaka 1999 Slashdot ikabadilisha mfumo mzima: msomaji yeyote wa kawaida mwenye akaunti angeweza kuwa msimamizi, ila kwa zamu, na kwa kipimo.

Wenyewe waliufananisha mfumo huo na juri ya mahakama za Marekani, ambako raia wa kawaida anaitwa, anasikiliza kesi, anatoa uamuzi, kisha anarudi zake nyumbani. Mtu alipopata zamu alipewa pointi tano, na zilikwisha muda wake baada ya siku tatu. Kila pointi ilipandisha au kushusha maoni ya mtu mmoja kwa alama moja tu. Kipimo chote kilianzia -1 hadi 5. Aliyeandika bila akaunti, ambaye mfumo ulimpa jina la utani la Mwoga Asiye na Jina, alianzia 0. Mwenye akaunti alianzia 1. Mwenye karma nzuri, yaani aliyejilimbikizia alama kutokana na maoni yake ya nyuma, aliweza kuanzia 2.

Tuangalie kwa nini kila kanuni iliwekwa.

Pointi ni tano tu ili mtu mmoja asiweze kuharibu mjadala mzima. Zinaisha siku ya tatu ili asizilimbikize kwa ajili ya kisasi. Huruhusiwi kusimamia mjadala ambao umechangia. Ukichangia, alama ulizotoa humo zinafutwa, ili usiwe mchezaji na refa kwa wakati mmoja. Akaunti mpya kabisa hazipewi zamu, kwa sababu mchokozi anaweza kufungua akaunti kumi asubuhi moja. Hata waliokuwa wanafungua tovuti kupita kiasi waliachwa. Walitafutwa wasomaji wa wastani.

Na kuna kanuni moja ambayo watu huisahau: maoni yaliyoshushwa hayakufutwa. Msomaji mwenyewe alichagua kiwango chake. Ukitaka kuona kila kitu pamoja na takataka, weka -1. Huna muda? Weka 4, usome machache. Kushushwa kulimpunguzia mtu wasikilizaji, lakini maneno yake yalibaki pale pale.

Nani anamchunguza mchunguzi?

Bila shaka unajiuliza: huyo mwenye pointi tano akiwa na chuki zake? Slashdot ikaongeza ngazi ya pili mwaka huo huo wa 1999. Wasomaji wenye akaunti za siku nyingi walionyeshwa maamuzi ya wasimamizi yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakaulizwa swali moja: je, uamuzi huu ni wa haki? Msimamizi ambaye maamuzi yake yalikataliwa mara kwa mara alipungukiwa na karma, na nafasi yake ya kupata zamu nyingine ikapungua.

Kumbe hata hapo hapakuwa na mwisho. Karma ilikuwa namba, na watu wakipewa namba wanaifukuzia. Wapo walioandika walichojua kitashangiliwa, si walichoamini. Tovuti ikaweka kikomo cha 50, lakini watu waliendelea kuulizana wamefika ngapi. Mwishowe namba yenyewe ikafichwa, yakabaki maneno tu, kuanzia "mbaya sana" hadi "bora kabisa". Mfumo uliendelea kuhesabu chinichini, ila mhusika hakuonyeshwa tena hesabu.

Takwimu zikafunguliwa

Hadi hapo yote ni hadithi za wahusika wenyewe. Swali la kisayansi ni hili: je, mfumo ulifanya kazi?

Mwaka 2004 Cliff Lampe, wakati huo akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, na Paul Resnick wa chuo hicho hicho walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za Slashdot. Habari njema ni kwamba wageni hawa wasiofahamiana walielewana. Maoni mazuri kwa jumla yalitenganishwa na ya hovyo, na wasimamizi walikubaliana kuliko ambavyo mtu angetarajia.

Habari mbaya ilihusu wanaoachwa. Maoni yaliyochelewa kuingia kwenye mjadala yalipata macho machache kuliko yalivyostahili. Vivyo hivyo maoni yaliyoandikwa kama jibu ndani ya jibu, na yale yaliyoanzia alama ya chini. Tena uamuzi ulipokosewa, mara nyingi haukurekebishwa, kwa sababu maoni yaliyoshushwa hayaonwi na wengi, na yasiyoonwa hayawezi kutetewa.

Maana yake ni nini? Chukua mhandisi anayekijua kabisa kilichotokea katika habari inayojadiliwa. Hana akaunti, na ameingia saa sita baadaye. Anaanzia 0, chini ya mamia ya maoni ya watu waliowahi. Ukweli wake upo, haujafutwa na mtu yeyote, ila hakuna anayeufikia. Tena hakuna wa kumlaumu, kwa sababu kila kanuni ilikuwa na sababu yake nzuri.

Soko nalo lina yake

Tulinganishe na eBay. Huko mfumo wa sifa ulianza Februari 1996, na ulikuwa rahisi: baada ya biashara kila upande unampa mwenzake +1, 0 au -1. Resnick na Richard Zeckhauser walipochambua takwimu za mwaka 1999 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya tathmini za wanunuzi zilikuwa chanya. Je, soko lile lilikuwa la malaika watupu? Hapana. Mnunuzi aliyeudhika alijua kwamba akimpa muuzaji -1, naye atarudishiwa -1. Wengi wakaona heri wanyamaze. Mwaka 2008 eBay iliwazuia wauzaji wasiwape wanunuzi alama hasi, ili woga huo uondoke.

Kwa hiyo namba ya sifa haisomwi peke yake. Lazima uulize aliyeitoa alikuwa anaogopa nini.

Mgeni na jembe

Mwaka 2001 Eric Friedman na Resnick walitumia nadharia ya michezo kueleza kwa nini wageni huteseka mtandaoni. Kubadilisha jina hakugharimu kitu. Aliyeharibu jina lake leo anaweza kurudi kesho kama mtu mpya, kwa hiyo kila mtu mpya anashukiwa kuwa yule wa jana. Jamii inajilinda kwa kumfanya mgeni alipe ada ya kuaminiwa: afanye kazi kwanza, asikilizwe baadaye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtandaoni anakabidhiwa jembe mlangoni, hata kabla ya kukaa.

Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ililigeuza jembe hilo kuwa ngazi. Ukifikisha pointi 15 unaruhusiwa kupigia kura ya juu. 125, kura ya chini. 3,000, kura ya kufunga maswali. Na ukimshusha mtu kwa jibu alilotoa, wewe mwenyewe unapoteza pointi moja. Ukali una bei yake. Mfumo huo ulijenga hazina kubwa ya maarifa ambayo wengi wetu tumeitegemea kumaliza tasnifu. Lakini mwaka 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba wengi, hasa wageni, walipaona pale kama mahali pa uadui. Waliopanda ngazi ndio waliokuwa wanalinda mlango.

Tuchukue nini?

Miaka hii yote haijatoa mfumo kamili, ila imeacha maswali ambayo anayeendesha jamii ya mtandaoni anaweza kuanza nayo, awe na wanachama mia au milioni. Madaraka yanaisha lini? Msimamizi anaruhusiwa kuamua ugomvi wake mwenyewe? Kuna anayepitia maamuzi yake? Anayekosea analipa chochote? Na lililo gumu zaidi: yule aliyeingia leo, kwa kuchelewa, bila jina, ana njia gani ya kusikika?

Makundi mengi tunayoyatumia leo kwenye simu hayajajibu hata swali la kwanza. Admini ni yule aliyelifungua kundi, au aliyepewa na aliyelifungua, na madaraka yake hayana siku ya tatu. Kama kundi lako ni la harusi, hilo halina shida. Kama ni la wazazi wa shule, la chama cha akiba au la wanakijiji wanaojadili ardhi yao, ningeanza na jambo moja dogo: usimamizi wa zamu, wenye tarehe ya kumalizika.