Karatasi ya pauni moja iliyojenga Bendigo

Pita mitaa ya Ironbark na Long Gully, pembezoni mwa mji wa Bendigo huko Victoria, Australia, utazame jinsi nyumba zilivyokaa. Hii imeipa barabara kisogo, ile imekaa mshazari, nyingine imejibanza kando ya rundo la kifusi cha mgodi. Ni nyumba ndogo: vyumba viwili mbele, baraza nyembamba, paa la bati, dohani ya matofali, na nyuma jiko lililoongezwa baadaye. Mtu atadhani mafundi walikuwa wamelewa. Kumbe kisa ni karatasi.

Dhahabu ilionekana hapa mwishoni mwa 1851, katika ardhi ya Wadja Dja Wurrung, ambao hakuna aliyewaomba ruhusa. Serikali ya kikoloni ikamtoza kila mchimbaji shilingi 30 kwa mwezi, apate asipate. Mwaka 1853 wachimbaji wa Bendigo walivaa utepe mwekundu na kumpelekea Gavana La Trobe ombi lenye maelfu ya sahihi. Ada ikapunguzwa, lakini polisi hawakuacha kuwasaka wasio na leseni. Mzozo huo ulimwaga damu katika mji wa Ballarat, kwenye ngome ya wachimbaji ya Eureka, tarehe 3 Desemba 1854.

Mwaka uliofuata leseni ilifutwa, kikaja kibali kiitwacho Miner's Right, pauni 1 kwa mwaka mzima. Kilimpa mchimbaji haki ya kuchimba na ya kupiga kura. Kilimpa pia jambo ambalo vitabu hulitaja kwa haraka mno: haki ya kukaa kwenye kipande cha ardhi ya serikali na kujenga nyumba.

Hapo ndipo mji ulipopata sura yake. Mchimbaji hakungoja mpimaji wa viwanja. Alijenga karibu na shimo alilofanyia kazi, na barabara zilipofika zikalazimika kumkwepa. Kwa kuwa ardhi haikuwa yake, hakuzika fedha nyingi ukutani. Alitumia mbao, matofali mabichi, mawe yaliyookotwa. Watoto wakiongezeka, chumba kiliongezwa.

Baadaye George Lansell, tajiri wa migodi, alilipanua jumba lake la Fortuna jirani na mgodi wake. Watalii hupelekwa huko, nami siwalaumu, ni jumba la fahari. Ila utajiri ule ulitoka mikononi mwa watu wa vyumba viwili. Migodi ilizidi kwenda chini, mmoja ukapita mita 1,400, na drili za mashine zikajaza mashimo vumbi la mawe lililoharibu mapafu. Wanaume wengi walikufa kabla ya uzee, na katika familia nyingi nyumba hiyo ndiyo iliyobaki kuwa mali ya mjane.

Mgodi wa Central Deborah, uliofungwa 1954, sasa ni kivutio cha utalii. Specimen Cottage, nyumba ya mawe ya 1856, imehifadhiwa. Nyumba za mbao za Ironbark nazo zinastahili ulinzi huohuo, kwa sababu jumba la Lansell haliwezi kueleza namna mtu wa kawaida alivyopata pa kuishi. Ukifika Bendigo, anzia Ironbark kabla ya kwenda Fortuna.