Izaak Walton Inn, Embu: Hoteli ya Wavuvi

Hoteli hii ya enzi za ukoloni, kando ya barabara ya Embu–Meru, ina jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyechapisha kitabu maarufu cha uvuvi wa ndoano mwaka 1653. Wavuvi walifika hapa wakifuata trauti, samaki aliyeletwa kutoka ng'ambo na kupandikizwa katika mito baridi ya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Jioni walirudi na buti zilizolowa, wakaota moto, wakala.

Enzi hizo hoteli kama hizi zilikuwa za Wazungu; Mwafrika aliingia kupika, kufua na kutandika vitanda. Majina ya wafanyakazi hao hayakuandikwa mlangoni, nao wanastahili heshima.

Mgeni wa leo, Julai hapa huwa na baridi: njoo na sweta.